Pua ya Fundi: Historia ya Kutambua Ugonjwa wa Gari kwa Harufu ya Moshi Mtwara

Moshi wa gari la petroli lenye injini nzima hauna harufu kali. Petroli ikiungua yote, kinachotoka kwenye ekzosi ni kabonidayoksaidi, mvuke wa maji, na naitrojeni iliyoingia pamoja na hewa. Vyote vitatu havinusiki. Harufu inayochoma pua nyuma ya gari huwa na chanzo kimoja kati ya viwili: mafuta hayakuungua yakaisha, au kimeungua kitu ambacho hakikupaswa kuingia ndani ya silinda. Kanuni hiyo moja ndiyo msingi wa ujuzi wa mafundi wa kutambua ugonjwa wa injini kwa kunusa.

Kanuni haijabadilika tangu magari yaanze, ila harufu zenyewe zimebadilika mara nyingi, kwa sababu kila kizazi cha injini na kila aina ya mafuta huja na harufu zake. Mtwara ni mahali pazuri pa kufuatilia mabadiliko hayo. Mji huu ulijengwa kwa ajili ya bandari, ukapoteza reli yake, ukakaa miongo minne ukitegemea barabara iliyokatika kila masika, kisha ukawa lango la gesi asilia ya nchi. Katika kata ya Chuno na kata jirani za Manispaa ya Mtwara Mikindani, barabara moja leo hupitiwa na pikipiki, bajaji, Toyota ndogo zilizotumika Japani, malori ya korosho na malori ya saruji. Harufu za vyombo hivyo zimebeba historia ya zaidi ya miaka 70.

Karanga, bandari na petroli yenye risasi

Injini ziliingia kwa wingi kusini mwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Ili karanga zipate njia ya kutokea, Mtwara, yenye ghuba ya kina kirefu, ilipangiwa bandari mpya na reli ya kwenda bara. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni, lakini gati la maji marefu lilikamilika mwaka 1954 na mji ukabaki. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo, na jina lake limesalia katika kata iitwayo Reli. Tangu hapo korosho za Newala, Tandahimba na Masasi zimeteremka pwani kwa malori, na penye malori hapakosi gereji.

Petroli ya wakati ule ilitiwa risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake huko Marekani waligundua kuwa kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi huzuia injini kugonga, na kuanzia mwaka 1923 petroli ya aina hiyo iliuzwa, ikaenea duniani kote. Risasi hiyo haikumpa fundi harufu ya kumwonya. Ilijionyesha kwenye plagi kama unga wa kijivu au wa rangi ya udongo, na madhara yake kwa damu na ubongo wa watoto hayakuonekana kwenye gereji hata kidogo.

Harufu iliyotawala enzi hiyo ni ya petroli mbichi. Injini zilitumia kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kwa boya, sindano na matundu madogo, bila umeme. Boya likitoboka au sindano isipofunga vizuri, petroli huzidi, sehemu yake hutoka bila kuungua, na ekzosi hunuka kama dumu lililofunguliwa. Sababu nyingine zilikuwa choki iliyosahaulika ikiwa imefungwa, plagi iliyokufa na chujio la hewa lililoziba. Hii ya mwisho iliwasumbua sana madereva wa kusini, kwani njia za uwanda wa juu wa Makonde ni za mchanga laini ambao huziba chujio upesi. Injini ikinyimwa hewa, mafuta yanazidi hata kama kabureta ni nzima.

Kutokana na hali hiyo ulizaliwa utaratibu unaofaa mpaka leo: harufu ya petroli mbichi huanza kufuatiliwa kwenye kitu rahisi, yaani chujio la hewa, kisha plagi, kisha mfumo wa mafuta. Plagi nyeusi na kavu humaanisha mafuta yamezidi. Iliyolowa petroli humaanisha cheche haipo. Iliyolowa oili hupeleka uchunguzi kwenye ringi na valvu.

Dizeli, masika na uhaba wa vipuri

Baada ya uhuru, mzigo wa nchi ulihamia kwenye dizeli. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, kilichojengwa Kigamboni kwa ubia wa Tanzania na Italia, kilianza kazi mwaka 1966, na kwa takriban miongo mitatu kilitoa sehemu kubwa ya mafuta yaliyotumika nchini. Malori ya Bedford, Leyland, na baadaye Scania zilizounganishwa Kibaha, yakawa ndiyo uti wa mgongo wa usafirishaji.

Dizeli ya zamani ilikuwa na salfa nyingi. Salfa ikiungua hutoa salfa dayoksaidi, hewa inayokereketa koo kama kiberiti kilichowashwa karibu na uso. Kwa hiyo fundi wa dizeli alilazimika kujifunza kutenganisha harufu ya mafuta yenyewe na harufu ya ugonjwa. Ukali wa kiberiti ulikuwa wa kila lori. Kilichomshughulisha fundi ni harufu iliyozidi: moshi mweupe unaowasha macho, wenye dizeli nusu mbichi, uliomwambia kwamba nozeli inadondosha badala ya kupuliza ukungu, au pampu inapeleka mafuta nje ya wakati wake, au silinda zimepoteza mgandamizo. Moshi wa namna hiyo ukitoka asubuhi na kukoma injini ipatapo joto, hali si mbaya. Ukiendelea mpaka mchana, pampu na nozeli hupelekwa kupimwa.

Harufu ya pili ilikuwa ya oili iliyoungua: nzito, yenye kunata kooni, ikifuatana na moshi wa rangi ya buluu. Maana yake ni kwamba oili imepenya ndani ya silinda. Wakati ambapo moshi huo unatokea husema mengi. Ukitoka kwa wingi gari linapowashwa baada ya kulala, kisha ukapungua, chanzo huwa sili za valvu, kwa kuwa oili imechuruzika usiku kucha. Ukiongezeka lori linapopanda mlima na mzigo, ringi za pistoni zimekwisha. Ukitokea dereva anapokanyaga mafuta tena baada ya kuteremka mteremko mrefu, sili za valvu hushukiwa tena.

Harufu hiyohiyo ya oili haikuwa na maana moja kila mahali. Mashine za boti zinazotumiwa na wavuvi wa Mikindani, Msimbati na mlango wa Ruvuma, na pikipiki nyingi za zamani, zilikuwa za mapigo mawili, ambazo oili huungua pamoja na petroli kwa makusudi, kwani ndiyo inayolainisha pistoni. Kwenye boti, moshi wa buluu wenye harufu ya oili ni dalili ya uzima, na ukikosekana ndipo mwenye mashine anapaswa kuhofu. Kwenye lori ni ugonjwa. Fundi wa pwani alijifunza mapema kwamba harufu haisomwi bila kujua ni ya injini gani.

Umuhimu wa kunusa uliongezwa na jiografia. Kati ya Mtwara na Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 500, na Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko. Wakati wa masika njia ilifunga. Ukichanganya na misukosuko ya bei ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979, vita vya Kagera na upungufu wa fedha za kigeni, vipuri vilikuwa adimu kiasi kwamba seti ya ringi ingeweza kusubiriwa kwa miezi. Petroli nayo ilibanwa, hata magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Katika mazingira hayo kushusha injini bila hakika lilikuwa kosa kubwa, maana injini iliyofunguliwa bila vipuri hubaki chini. Harufu, rangi ya moshi na sauti vilikuwa vipimo visivyogharimu kitu, na vilitumika kuamua kama injini ifunguliwe au iongezwe oili na kusukumwa mpaka msimu wa korosho upite.

Magari ya Japani na masega

Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha za kigeni kuingiza bidhaa nchini bila kuulizwa walikozipata fedha hizo. Uamuzi huo, na ulegezaji wa biashara uliofuata, ulifungua mlango kwa magari yaliyotumika, hasa kutoka Japani. Pamoja nayo ilikuja sehemu ambayo mafundi hawakuwa wameizoea: kasha la chuma kwenye njia ya ekzosi, lenye vitundu vingi ndani kama sega la nyuki, vilivyopakwa madini ya thamani kama platini. Mafundi wa Tanzania waliyaita masega. Kazi yake ni kumalizia kuunguza mabaki ya mafuta na kugeuza hewa zenye sumu kuwa zisizo na madhara makubwa. Wazo hilo liliendelezwa na mhandisi Mfaransa Eugene Houdry nchini Marekani katika miaka ya 1950, na kuanzia mwaka 1975 masega yakawa kawaida kwenye magari mapya ya huko.

Masega na risasi havikai pamoja. Risasi hufunika madini hayo na kuyaua. Japani ilikuwa imeiondoa risasi kwenye petroli yake, lakini petroli iliyouzwa Afrika Mashariki bado ilikuwa nayo. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta safi lilishushwa bandarini, likajazwa mafuta ya risasi, na masega yake yakafa. Yalipoziba, gari lilikosa nguvu, na dawa iliyozoeleka ikawa kukata kasha na kuyatoa. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuachana na petroli ya risasi, na ulipoanza mwaka 2006 azimio hilo lilikuwa limetekelezwa. Duniani, Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho, mwaka 2021. Hata hivyo tabia ya kung'oa masega ilibaki baada ya sababu yake kuondoka, na gari lililong'olewa hurudia kunuka petroli nusu mbichi kama lori la miaka ya 1950, hata injini ikiwa nzima.

Magari haya yaliongeza harufu mbili katika kamusi ya fundi. Ya kwanza ni ya yai viza. Petroli ina salfa kidogo. Injini ikila mafuta kupita kiasi, masega yenye joto hugeuza salfa hiyo kuwa haidrojeni salfaidi, hewa ambayo pua huinusa hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuyalaumu masega peke yake. Chanzo huwa mara nyingi kiko mbele yake: sensa ya oksijeni iliyochoka, nozeli inayovuja, au mgandamizo wa mafuta uliozidi. Masega mapya yakifungwa kabla ya kurekebisha chanzo hicho, nayo yataharibika.

Ya pili ni harufu tamu, kama ya sharubati iliyoungua, pamoja na moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikipata moto. Hutokana na kulenti ya rejeta iliyopenya ndani ya silinda, kwa kawaida kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Injini nyingi za Japani zina hedi za aluminiamu, ambazo gari likichemsha hupinda upesi kuliko za chuma. Utamu huo hutoka kwenye dawa iliyomo ndani ya kulenti. Maji matupu hayana harufu. Kwa kuwa madereva wengi wa ukanda wa joto hujaza rejeta maji ya bomba, dalili iliyoandikwa katika vitabu vya nchi za baridi mara nyingi haipo kabisa. Badala yake hutazamwa maji yanayopungua bila kuvuja chini, mapovu kwenye rejeta injini ikiwa imewashwa, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Enzi ya kuchakachua

Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na ingawa kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwatesa wasafiri kwa miaka mingine mingi, magari na mafuta yalianza kufika kusini kwa wingi zaidi. Pamoja na mafuta ilifika harufu ambayo kila nyumba iliifahamu: ya koroboi.

Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili mnyonge apate mwanga na moto wa kupikia. Tofauti ya bei iliwashawishi wafanyabiashara wasio waaminifu kuyachanganya na dizeli na petroli. Kitendo hicho kilipata jina la kuchakachua, neno ambalo kufikia mwaka 2010 lilikuwa limeenea nchi nzima na kuhamia hata kwenye mazungumzo ya uchaguzi. Petroli iliyochakachuliwa hufanya gari liwe gumu kuwaka asubuhi, injini igonge inapovuta, na moshi wa kijivu unuke kama utambi uliozimwa. Kwenye dizeli hatari imejificha zaidi. Mafuta ya taa huungua vizuri, hivyo harufu hubadilika kidogo tu, lakini hayalainishi vyuma kama dizeli, na pampu pamoja na nozeli husagika. Dereva aliyeisoma harufu hiyo mapema aliweza kumwaga tangi kabla pampu haijafa.

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ili yatambulike vituoni. Bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kukaribia ule wa dizeli, na faida ya kuchanganya ikayeyuka. Gharama ya hatua hiyo ilibebwa na kaya zilizokuwa bado zinawasha koroboi. Mwezi Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kipya cha dizeli chenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na ule ukali wa kiberiti, uliokuwa alama ya kila lori tangu siku za TIPER, ukapungua sana. Fundi aliyeanza kazi baada ya hapo, akinusa kiberiti kikali nyuma ya lori, ana haki ya kuyatilia shaka mafuta.

Gesi isiyo na harufu

Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay, karibu na mlango wa Ruvuma, mwaka 1982, na katika miaka ya 2000 ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara. Mwaka 2013 mji ulishuhudia machafuko ya wananchi waliopinga gesi hiyo kupelekwa Dar es Salaam kabla wenyeji hawajaona faida yake. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, likianzia kwenye kiwanda cha kusafisha gesi cha Madimba. Gesi imefika pia kwenye magari: baadhi ya malori ya kiwanda cha saruji cha Dangote cha Mtwara yanatumia gesi iliyoshindiliwa, na karakana za Dar es Salaam hubadilisha magari madogo ya petroli yatumie nishati hiyo.

Gesi ya Mnazi Bay karibu yote ni metheni, ambayo haina harufu. Injini inayotumia gesi haitoi masizi wala harufu ya petroli, hivyo harufu ya oili iliyoungua hujitokeza wazi zaidi, na ugonjwa wa ringi hugunduliwa mapema. Harufu mbaya inayonusika kwenye gesi ya majumbani au ya magari hutiwa kwa makusudi. Desturi hiyo ilipata nguvu ya sheria baada ya mlipuko wa shule ya New London, jimbo la Texas, tarehe 18 Machi 1937, uliowaua watu karibu 300, wengi wao watoto, kwa gesi iliyovuja bila mtu kuinusa. Gari la gesi likinuka hivyo, chanzo hutafutwa kwenye viungio vya mabomba na mtungi kabla ya ekzosi, na injini huzimwa kwanza.

Mpaka wa pua

Leo gereji nyingi hupima gari kwa kompyuta, na vijana hujifunza ufundi katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mashine huonyesha kwamba mafuta yamezidi; pua huonyesha ni mafuta gani na yanatoka wapi. Vipimo hivi viwili hukamilishana, na fundi bora hutumia vyote.

Hata hivyo kipo kitu ambacho pua haijawahi kukigundua katika enzi zote hizi. Kaboni monoksaidi, sumu kubwa kuliko zote katika moshi wa petroli, haina harufu, rangi wala ladha. Huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu hulewa, huumwa kichwa na kusinzia bila kujua anachovuta. Tatizo hili lina uzito wake pwani, ambako hewa ya chumvi hula mabomba ya ekzosi na kuyatoboa chini ya sakafu ya gari. Harufu yoyote ya moshi ndani ya gari, hata iwe hafifu, ina maana kwamba sumu isiyonukia imeingia pamoja nayo. Tena pua huzoea: baada ya dakika chache harufu hiyo haisikiki, wala sumu haijapungua.

Kwa sababu hiyo, utaratibu wa kuchunguza moshi huanza na usalama wa watu. Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Tundu la ekzosi lizibwe siku linapogunduliwa. Abiria anayeumwa kichwa safarini ashushwe kwanza kwenye hewa safi, ndipo gari lichunguzwe.